Nani Kafanya

Mtaani walimwita Nani Kafanya, na wavivu wa kusema wakafupisha wakamwita Nani. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Nani kapita hapa?" alijibiwa, "Ndiyo, kapita sasa hivi." Mzaha huo ulizeeka mpaka ukaota mvi, lakini hakuna aliyekubali kuuacha. Yeye mwenyewe hakuuchukia. Jina hilo alilipata kwa haki.

Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Kazi hiyo aliianza bado msichana, mama yake alipofariki na kumwachia mdogo wake wa kike amlee. Siku za mwanzo mwanzo akaunguza shati la mteja, jeupe, la kola ngumu. Pasi ilikaa mgongoni mwa shati wakati yeye akigombana na mwenzake juu ya ndoo. Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, alilinyanyua lile shati akalitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Imekuwaje hapa?"

"Limeungua, mama."

"Lenyewe?"

"Pasi ilikuwa ya moto sana."

"Kumbe mkosaji ni pasi." Mwenye duka akalitandaza mezani. "Mwanangu, shati hili lina mikono miwili, naiona. Lakini sijawahi kuona shati likishika pasi. Nani kafanya?"

"Mimi."

"Umefanya nini?"

"Nimeliunguza."

"Haya. Lichukue, umpelekee mwenyewe, ukamwambie hivyo hivyo."

Akalipeleka. Mteja alimtukana mpaka majirani wakatoka milangoni. Alirudi macho yamevimba, lakini kifua chepesi, na wepesi ule ulimshangaza kwa siku kadhaa. Muda si mrefu akawa kanisani, likasomwa lile somo la mume wa kwanza bustanini, alivyomsukumia mkewe lawama, na mke naye akamsukumia nyoka. Msichana akaangua kicheko katikati ya ibada. Watu wakageuka kumtazama. Hawakujua kwamba pale pale ndipo alipoamini.

Miaka ikaenda. Akaolewa, akaachwa. Watu wakasema ndoa yake imevunjika. Yeye akasema, "Haikuvunjika. Mume wangu aliondoka, na mimi nilimsukuma kwa mdomo huu, kila siku kidogo kidogo." Mtu anayejisema hivyo hadharani hupewa nafasi yake duniani, na kanisa likampa darasa la ubatizo.

Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya nyuma ya kanisa. Ndani mlikuwa na spika mbovu, viti vya kukunja visivyokunjuka, na ubao ulioegemezwa ukutani ambao ukiandika kwa nguvu unateleza. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele mpaka somo likasimama, wakabaki wanatazamana wakitabasamu kama viziwi. Humo ndimo alimofundisha, na wote waliopita mikononi mwake husema hawajapata tena mwalimu kama yule.

"Lugha yetu ni tamu," aliwaambia, "lakini ina milango mingi ya nyuma. Sahani inavunjika. Pesa zinapotea. Mimba inaingia. Watu sisi hatumo kabisa, tumesimama pembeni tunatazama vitu vikijifanya vyenyewe."

"Lakini mwalimu," kijana mmoja alisema, "mara nyingine ni shetani anakupitia."

"Anakupitia akielekea wapi? Na wewe ulikuwa umesimama kituoni unamsubiri?"

Wakacheka, naye akacheka nao, kisha akakaza uso. "Sikilizeni. Yesu hakufa kwa ajili ya mashati yaliyoungua yenyewe. Alikufa kwa ajili ya walioyaunguza. Ukisema limeungua, umemwambia kwamba alikuja bure, hapakuwa na mtu wa kumsamehe. Mungu hawezi kumsamehe mtu ambaye hayupo."

Ilikuwa sheria yake kwamba hakuna anayeingia majini kabla hajakwenda kwa mtu mmoja aliyemkosea na kumwambia kwa kinywa chake: nilifanya. Hakutaka aambiwe yeye. "Mimi si sanduku la siri. Nendeni kwa wenye mali."

Mdogo wake alipoolewa, aliolewa na mwashi, mtu wa maneno machache na viganja vipana kama sahani, asiye na dini yoyote zaidi ya kutopenda ukuta uliopinda. Mwashi huyo akaanza kumsindikiza mkewe kanisani, akakaa mwisho, kisha siku moja akaonekana stoo, amekunja magoti kwenye kiti kidogo. Zamu yake ilipofika, alikwenda kumtafuta kibarua mmoja aliyefukuzwa kazini zamani kwa wizi wa vifaa. Vifaa vile aliviuza mwashi mwenyewe, akanyamaza mwenzake alipofukuzwa. Alimpata, akamwambia, akamchukua wafanye kazi pamoja. Siku ya ubatizo mkewe alilia, akamkumbatia dada yake mpaka akamkunja gauni. "Dada, umenipa mume mpya," alisema. "Yule wa kwanza sikuwa namjua anawaza nini."

Kisha kanisa likaamua kujenga. Lingekuwa jengo la madarasa pembeni ya uwanja, na chumba cha kwanza, mchungaji alitangaza mbele ya wote, kitakuwa cha darasa la ubatizo. Mpiga pasi alikwenda kupaona msingi ulipochimbwa tu. Alisimama ndani ya mistari ya chokaa akaamua ubao ukae wapi na dirisha litazame wapi. Alikuwa amefundisha stoo nusu ya maisha yake, na alikitamani chumba kile kuliko alivyowahi kukubali mbele ya mtu.

Mwenyekiti wa ujenzi alikuwa mzee wa kanisa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo saruji ilitoka dukani kwake. Kazi ya kuinua kuta akapewa shemeji mwashi. Na kwa kuwa askofu alikuwa ametangaza ziara, kila mtu alitaka kuta zionekane zimesimama.

Alasiri moja mwashi aliingia dukani kwa dobi na vumbi lake, akasimama mbali na nguo safi. Mpiga pasi alikuwa amezungukwa na majoho ya kwaya, ananyoosha mikunjo kwa mvuke, jasho linamtoka puani.

"Shemeji," mwashi alisema, "ukuta ule wa upande wa uwanja siupendi."

"Umepinda?"

"Haujapinda. Saruji ni kidogo, mchanga umezidi. Ukiukwaruza kwa ukucha unatoka unga. Na nguzo ya kati wameniambia niiruke, tutaiweka baadaye."

"Umemwambia mwenyekiti?"

"Nimemwambia. Ananiambia nijenge kwa imani."

Mpiga pasi alinyanyua joho, akalitundika, akavuta jingine. Huenda angeuliza lile swali lake. Alikuwa ameliuliza maisha yake yote. Lakini askofu alikuwa anakuja, majoho hayajaisha, na chumba kilikuwa pale, kimeshafika usawa wa madirisha.

"Shemeji, wale ni viongozi wetu," alisema. "Wanajua wanachofanya. Wewe malizia, nguzo si itawekwa baadaye?"

"Ndivyo walivyosema."

"Basi."

Mwashi alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kilichomleta, akaaga, akaenda.

Askofu akaja, akaziombea kuta, akapiga picha mbele yake, akaondoka. Zikaja mvua. Jumamosi moja mchana wanakwaya walianza kukusanyika kwa mazoezi, na msichana mmoja wa sauti ya kwanza, aliyewahi kuliko wenzake, akakaa chini akauegemea ule ukuta wa upande wa uwanja, anajikinga na upepo, anasoma maneno ya wimbo kwenye simu. Wenzake waliokuwa wakiingia getini waliuona ukuta ukiinama taratibu, kama mtu anayesinzia. Wakapiga kelele. Yeye alinyanyua kichwa kuwatazama wao.

Alikuwa mtoto pekee wa mama mmoja mpishi wa shule.

Ibada ya Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa hadi nje. Mchungaji alipanda madhabahuni sauti imemkauka. "Ndugu zangu," alisema, "ukuta umeanguka. Maisha yamepotea. Mioyo yetu imevunjika. Adui ameona wivu kwa kazi hii." Wengi walilia, na walilia kweli. Mpiga pasi alikaa katikati yao, akasikia jinsi kila neno lilivyotoka kwa mlango wa nyuma. Ukuta, maisha, mioyo, adui. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika maneno yale. Akataka kuchukia, akashindwa, maana alijua ni nani mwingine hayumo.

Baada ya mazishi mchungaji alimwita ofisini. Mwenyekiti alikuwa amekaa kando, anazungusha funguo za gari kidoleni.

"Mama," mchungaji alianza, "nimesikia shemeji yako anataka kwenda polisi kusema maneno."

"Mimi sijasikia."

"Anakuheshimu sana. Wewe ndiye mwalimu wake. Mwambie atulie. Familia ya marehemu tutaisaidia. Lakini kanisa likichafuka, anayechafuka ni Kristo."

"Kristo hakuchanganya saruji, mchungaji."

Funguo zikasimama kidoleni. Mpiga pasi akachukua mkoba wake akatoka, amejaa ushujaa, na alitembea na ushujaa huo hadi kona ya duka la dobi, ndipo akatambua jinsi ulivyokuwa rahisi. Alikuwa ametaja kosa la watu wengine wote isipokuwa lake.

Mwashi alikuwa anamsubiri mlangoni, amevaa shati la kanisani.

"Nakwenda kwa mama wa binti," alisema. "Kisha polisi. Nimeshaongea na mke wangu. Hataki, lakini nimemwambia siwezi kuendelea kula chakula chake hivi."

"Utasema nini?"

"Nitasema nilijenga. Nilijua haufai, nikajenga. Niliagizwa, ndiyo, ila mkono ni wangu." Akatazama chini. "Wewe sikutaji, shemeji. Wewe hukushika mwiko."

Palikuwa na muda wa kusema, nakwenda na wewe. Palikuwa na muda wa kutosha hata wa kufunga duka. Lakini maneno yale, wewe hukushika mwiko, yalimshukia kama maji baridi mtu aliyeungua, na akayaacha yamshukie. "Mungu akutangulie," alisema. Mwashi akaenda peke yake.

Kesi haikuchukua muda mrefu, kwa sababu mshtakiwa hakubishana na kitu. Mwenyekiti alikuja mahakamani na suti, akasema saruji ilitolewa ya kutosha, kama fundi aliipunguza yeye hajui aliipeleka wapi. Mwashi alisema haikutolewa ya kutosha, na kwamba alilijua hilo. Hakimu aliandika sehemu ile ya pili. Kuna watu kwenye benchi walioguna kwa hasira, na kuna waliosema kwa sauti ya chini kwamba mjinga kajifunga mwenyewe. Alihukumiwa kwenda jela kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Alipopitishwa akipelekwa nje, alimtafuta mkewe kwa macho. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa magotini, na aliyekutana na macho yake ni mpiga pasi.

Kesho yake mpiga pasi alikwenda nyumbani kwa mama wa binti.

Alimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Alikaribishwa kwa kuoneshwa kigoda, akakaa, akasema alichokuja kusema. Alisema aliambiwa ukuta haufai. Aliambiwa na mwashi mwenyewe, dukani, alasiri, ukuta ukiwa bado unaweza kubomolewa. Angeweza kupiga kelele, na kanisa zima lingemsikia, kwa sababu walizoea kumsikia. Alinyamaza kwa kuwa alikitaka chumba. Alisema, "Nilinyamaza. Mwanao amekufa kwa kunyamaza kwangu pia."

Yule mama hakuacha kuchambua. Mkono wake ulitenga chuya upande mmoja, taratibu, kama kawaida.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yule fundi naye alikuja. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Akasema, akalia, akaenda." Akapepeta ungo mara chache, pumba zikaruka. "Nasikia wewe ndiye unayewafundisha. Kwamba mtu akishasema, kifua kinakuwa chepesi."

"Nilikuwa nafundisha hivyo."

"Kwa hiyo mnakuja mnatua mizigo hapa. Kila mmoja na wake. Mnatua kwangu, mnaondoka wepesi." Kwa mara ya kwanza akamtazama. "Mimi wangu nimtulie nani?"

Mpiga pasi alifungua mdomo. Alikuwa na majibu ya miaka mingi kuhusu msalaba na mizigo, majibu mazuri, aliyoyaamini na anayoyaamini hadi leo. Hakuna hata moja lililokubali kutoka.

"Sijui, mama," alisema.

"Basi nenda."

Akaondoka, na hakuwa mwepesi. Njia nzima alikuwa akiwafikiria wanafunzi wake wote aliowatuma kwenye milango ya watu, akiwasubiri warudi, akiwauliza wao wanajisikiaje. Wenye milango ile hakuwahi kumuuliza hata mmoja.

Kwa mdogo wake alikwenda siku hiyo hiyo, kabla hajapoa. Alimkuta anafunga nguo za watoto, maana kodi ya nyumba ile hangeiweza tena, alikuwa anahamia chumba kimoja.

"Dada, usinisaidie kufunga," mdogo wake alisema bila kugeuka. "Kaa tu. Nikikutazama nitasema maneno."

"Yaseme."

"Ulimfundisha mume wangu kusema ukweli. Mbona mwenyekiti hukumfundisha? Mbona mchungaji hukumfundisha? Somo lako linamfunga mwenye moyo tu. Wasio na moyo wanapita getini wanapunga mkono."

"Kuna jambo hulijui," mpiga pasi alisema, akamweleza. Alimweleza alasiri ile ya majoho, na mlango wa duka, na shati la kanisani.

Mdogo wake aligeuka sasa. Mkononi alikuwa ameshika kaptula ya mtoto.

"Alikuja kwako?"

"Alikuja."

"Alikuja kukuuliza, ukamwambia amalizie?"

"Nilimwambia."

"Na alipokuwa anakwenda polisi, ulikuwepo. Ukamwacha aende peke yake."

"Nilimwacha."

Mdogo wake akaikunja ile kaptula, akaiweka ndani ya mfuko, akaikandamiza vizuri. "Wewe ndiye uliyenilea," alisema. "Kila kitu ninachojua umenifundisha wewe. Toka nyumbani kwangu."

Kanisani hawakumfukuza. Alimweleza mchungaji yote, akaomba aruhusiwe kuyasema mbele ya waumini. Mchungaji akamshukuru kwa unyenyekevu wake, akamwambia waumini wameshaumia vya kutosha, na kwamba itakuwa vyema apumzike kufundisha kwa muda. Darasa likapewa mkwe wa mwenyekiti, kijana mchangamfu mwenye gitaa. Anawafundisha kwamba Mungu ana mpango na kila kinachotokea. Wanaimba sana, na ubatizo siku hizi hauchelewi. Ukuta umejengwa upya, safari hii na nguzo zake zote, na kwenye mlango wa chumba cha kwanza limeandikwa jina la msichana aliyekufa, kwa herufi za dhahabu, zawadi kutoka duka la vifaa vya ujenzi.

Majoho ya kwaya yanapelekwa kwa dobi mwingine. Mpiga pasi bado huenda ibadani kila Jumapili. Wapo wanafunzi wake wa zamani waliohama kanisa kwa hasira, wakamfuata wakitaka ahame nao, awe mwalimu wao huko waendako. Alikataa. "Mnataka mtu wa kumfuata," aliwaambia, "na mimi mmeona nilikowafikisha walionifuata. Someni wenyewe. Mtaulizwa wenyewe." Walimwona amekuwa mkali. Huomba kama zamani, ila haombi tena kutuliwa mzigo.

Gerezani alikuwa akienda siku za kutembelea wafungwa, na sabuni na dawa ya meno. Siku moja mwashi alikaa upande wake wa wavu, viganja vyake vimekaa juu ya magoti kama vitu alivyoazimwa. Alikuwa amekonda. Akauliza habari za kazi, akajibiwa. Kisha akasema:

"Shemeji, naomba usije tena."

"Sawa."

"Mke wangu kasema siku akijua umekuja, yeye haji. Na watoto haji nao."

"Nimeelewa."

"Si kwamba nimekukasirikia."

"Ungekasirika ni haki yako."

Mwashi alifikiri. "Kuna siku nakasirika," alisema. "Si zote."

Mpiga pasi akaiacha sabuni kwa askari wa zamu, akatoka. Nje ya geti, kwenye njia ya changarawe, mdogo wake alikuwa anakuja na watoto wawili, mmoja kila mkono, wote wamevaa nguo za kutokea ambazo hazijapigwa pasi. Mpiga pasi alisogea pembeni ya njia kuwapisha. Mdogo wake alikaza macho mbele, kwenye geti, akaongeza mwendo.

Yule mtoto mdogo ndiye aliyegeuka, shingo imepinda nyuma, miguu inaendelea kuburutwa.

"Shikamoo, mama mkubwa!"

Mama yake akamvuta mkono. "Marahaba, mwanangu," mpiga pasi alisema, lakini walikuwa wameshafika getini, na askari alikuwa anawauliza wamekuja kumwona nani.